Huyu Mtoto Ni Nani Kwako?

Wodi ya Wanawake
3 Machi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uchovu wa safari umekwisha. Nisamehe kwa kuondoka mbiombio bila hata kukaa nawe tukanywa chai. Walipiga simu kwamba kitanda kimepatikana, na kitanda cha hospitali hii hakimsubiri mtu. Baba Chiriku naye alikuwa anapita huku na lori lake siku hiyohiyo, nikaona nikiikosa safari ile ndio basi tena. Yeye ndiye atakayebeba barua zetu, maana kazi yake ni kwenda huku na kurudi huko.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwanza mwenyewe ulisema sikio lako la kushoto halipatani na simu. Pili, Chiriku akisikia sauti yangu kwenye simu huanza kunitafuta nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya milango, na asiponiona anajigonga kichwa ukutani. Kwa hiyo tuandikiane.

Mama, kila ulipokuja kututembelea ulilala usiku mmoja, na mimi nilifanya kila njia siku hiyo ipite salama. Yapo mengi ambayo hukuyaona. Asubuhi anakunywa uji kwa kikombe cha buluu. Kikiwa kichafu kioshe, usimpe kingine. Wali uwe peke yake na mchuzi peke yake, visigusane. Vikichanganyika hali, na ukimlazimisha atatapika. Si jeuri. Lebo za shingoni nimezikata kwenye nguo zake zote isipokuwa gauni la kijani, hilo usimvishe. Fundi wa kuchomelea vyuma, yule wa nyuma ya ukuta wetu, akiwasha mashine, mtoto ataziba masikio na kulia. Mwingize chumba chenye cherehani yangu, umfunike shuka zito, ukae kimya. Ukimwambia "nyamaza" unaongeza kelele nyingine juu ya kelele.

Kubwa kuliko yote ni mlango. Komeo la chini analifungua. La juu halifikii. Funga la juu, hata kama unakwenda uani kuanika kitambaa kimoja.

Daktari wa watoto aliita hali hii usonji. Alisema si homa ya kusubiri ipone, mtoto ameumbwa hivyo na atakua hivyo, ila anaweza kujifunza. Hasemi, lakini anasikia kila kitu. Tafadhali watu wasimjadili mbele yake.

Mimi usinihofie. Ni uvimbe mdogo tu, watautoa, nitarudi.

Mkweo,
Mama Chiriku


Nyumbani kwenu
6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na miwani. Ni ndefu kuliko sheria za bweni, na sheria za bweni niliziandika mimi.

Nikwambie ukweli kwa sababu unafiki sikuuzoea. Nimekuwa matroni maisha yangu yote ya kazi. Nimepokea mabinti wa watu waliokojoa kitandani, waliouma wenzao, waliogoma kula wakitaka kurudishwa kwao. Wote walinyooka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu wa kwako amelelewa kama yai. Kikombe cha buluu! Ukifa leo na kikombe kikavunjika, atakufa naye kwa kiu?

Nimeanza taratibu. Kitanda chake nimekitoa ukutani nikakiweka dirishani apate hewa. Kwenye chakula nimechanganya wali na mchuzi kama wanavyokula watu. Jana hakula. Leo mchana hakula. Si kitu, njaa ni mwalimu, na mimi nasema akitaka chakula atafungua mdomo aombe. Alilia kidogo wakati fulani wa jioni, akanyamaza mwenyewe. Kitanda amekirudisha ukutani, sijui nguvu kaitoa wapi.

Jirani yako wa mbele alikuja kuchungulia kuna nini. Nilimwambia kuna bibi na mjukuu wake, kuna kingine?

Pona haraka urudi. Na ukirudi, mwanangu, usiogope kuzaa mwingine. Huyu anakosa mwenzake wa kucheza naye. Mdogo wake akianza kuongea, naye ataona haya ataongea. Nimewahi kuona.

Bibi yake,
Matroni mstaafu, lakini si wa kuchezewa


Wodi ya Wanawake
9 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini ya mto, nikasubiri hasira ishuke ndipo nikujibu. Nesi aliyenipima presha aliniuliza nimesoma nini. Walikuwa wanifanyie upasuaji leo, wameahirisha mpaka presha itulie.

Nakuomba kwa heshima zote, mpe mtoto chakula chake kama nilivyoandika. Hataomba. Mwaka juzi mimi pia nilidanganywa kwamba njaa itamfungua ulimi. Nilimnyima nikiwa nalia jikoni, na yeye alikaa tu, midomo ikamkauka, mpaka alipolegea nikambeba kwenda zahanati. Mtoto huyu anaweza kufa na njaa akiwa karibu na sahani. Hilo ndilo nililokuwa naogopa kukuandikia mara ya kwanza.

Unakumbuka kwa nini tulimwita Chiriku? Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo. Alipokuwa na mwaka mmoja alipayuka kutwa, mama, baba, taa, paka, ukasema huyu si mtoto, ni chiriku. Halafu maneno yakaanza kuondoka, moja leo, jingine wiki ijayo, kama wapangaji wanaohama bila kuaga. La mwisho lilikuwa taa. Sikumdekeza mpaka akaacha kusema, Mama. Aliacha kwanza. Niliyoyafanya yote nimeyafanya baada ya hapo, na kila moja nililijifunza kwa kukosea.

Watu wameshaniambia mengi. Wameniambia nimemlisha kitu kibaya nikiwa na mimba, wameniambia nilitazama sana televisheni. Mwalimu wa shule ya jirani aliniambia nimrudishe akishapata akili. Yote nimeyameza. La kwako ndilo limenikaa kooni, kwa sababu wewe ni damu yake.

La mtoto mwingine tuliache kwanza.

Mkweo,
Mama Chiriku


Nyumbani kwenu
12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tuko salama. Chakula nimekitenganisha na anakula vizuri. Kitanda kiko ukutani.

Nina maswali machache, si makubwa. Akiwa nje huwa anapenda kwenda upande gani, wa sokoni au wa barabara kubwa? Je, maji anayaogopa au anayapenda? Na mtu akimshika mkono kwa ghafla huwa anafanyaje? Nauliza ili nijue tu.

Yule mama anayekaa kwenye kibanda cha pale wanapoosha magari anakusalimu sana. Sikujua kama mnafahamiana.

Mkono wangu wa kulia una kidonda kidogo, ndiyo maana mwandiko umekuwa kama wa kuku.

Bibi yake


Wodi ya Wanawake
14 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeolewa kwenu miaka kumi na sijawahi kupata barua fupi kutoka kwako. Upande gani anapenda kwenda ni swali ambalo haliulizwi bure. Na kidonda cha mkono nakijua kilivyo. Mimi ninacho cha namna hiyo begani, kina alama za meno.

Anapenda maji yanayoruka. Kila Jumamosi nampeleka pale wanapoosha magari, mwenye kibanda anatupa kiti, na vijana wanamwachia ashike mpira wa maji dakika chache. Akitoka peke yake ataelekea huko, na kabla ya huko kuna barabara kubwa. Nimeshindwa kula tangu nipate barua yako. Baba Chiriku nimembana, naye anatazama juu, anasema mtoto mzima, ameniona, amenikimbia kama kawaida. Kwa hiyo najua yuko hai. Sitaki zaidi ya hapo, nataka tu kuambiwa ukweli.

Nami nikuambie wangu, kwa sababu kesho asubuhi wananipasua na sitaki kuingia chumba kile nikiwa na uongo. Uvimbe si mdogo, na si mmoja. Wanatoa kizazi chote. Mwanao anajua. Tulikubaliana tusikwambie kwanza, maana kila barua yako na kila simu yako tangu Chiriku akiwa na miaka mitatu imekuwa ni mzae mwingine, mzae mwingine. Hakuna mwingine, Mama. Ni huyu.

Nisipoamka, nakuomba mambo mawili. Asipelekwe kwa mtu atakayemfungia ndani ili wageni wasimwone. Na asipigwe kwa kutojibu anapoitwa. Mengine mtajifunza kama nilivyojifunza.

Mkweo,
Mama Chiriku


Nyumbani kwenu
15 Machi

Mwanangu,

Naandika wewe ukiwa chumba cha upasuaji. Baba Chiriku anasubiri nje, injini ya lori inanguruma, na nimemwambia asubiri mpaka nimalize hata kama mzigo utaoza.

Ukweli ni huu. Ilikuwa tarehe kumi, asubuhi. Barua yako ya pili ilikuwa bado haijafika. Nilikwenda uani kuanua nguo. Komeo la juu sikulifunga, kwa sababu niliona ni mambo yako ya kudekeza. Niliporudi mlango uko wazi na nyumba imenyamaza. Nilitoka na filimbi yangu ya bweni. Naam, bado ninayo. Nikapuliza mtaa mzima na kuita jina lake. Yule fundi wa kuchomelea akazima mashine, akaniuliza, "Bibi, huyo mtoto ukimwita huwa anaitika?"

Nilisimama pale na filimbi mdomoni. Nilikuwa nimepita kila kona nikiita na kutega sikio, kumbe ninasubiri sauti ambayo haipo. Hata angekuwa nyuma ya ukuta ule nisingejua. Fundi ndiye aliyesema huwa anamwona na wewe Jumamosi mkielekea kwenye magari.

Barabara kubwa niliivuka sijui vipi. Nilimkuta amekaa kwenye dimbwi, gauni limelowa chapachapa, maji ya mpira yanampiga kifuani, anacheka. Mimi sijawahi kumwona mtoto yule akicheka. Nilipaswa kukaa nimtazame. Badala yake nilimrukia nikamshika mkono, nikaanza kumvuta. Akapiga ukelele, akajitupa chini, akaniuma mpaka damu. Nami nikazidi kuvuta, kwa sababu matroni hashindwi mbele za watu.

Watu walijaa. Wenye magari, wapita njia, wauza vocha. Hakuna aliyemwona bibi na mjukuu. Waliona kikongwe asiyejulikana mtaa ule anaburuta mtoto wa watu. Mwanamume mmoja akanishika bega akaniuliza, "Huyu mtoto ni nani kwako?" Nikasema mjukuu wangu. Akamwinamia mtoto akamuuliza, "Huyu ni bibi yako?" Akamuuliza tena. Chiriku analia tu, amenigeuzia mgongo. Mtu akasema wezi wa watoto siku hizi ni wanawake wazee. Mwingine akasema nipelekwe kituoni. Wakaniuliza jina la kliniki yake, nikawa silijui. Wakaniuliza anapenda nini, nikawa sijui. Nilimtazama anitetee, mtoto wa miaka saba asiye na neno hata moja.

Mama wa kibandani ndiye aliyeniokoa. Alipenya katikati akasema, "Namjua mtoto, mama yake anashona, bibi huyu simjui. Lakini kwanza muachieni wote wawili." Akawasogeza watu nyuma, akawaambia vijana warudishe maji. Akaniambia nikae kwenye kiti na nisiseme kitu. Tukakaa. Chiriku alilia, akapunguza, akarudi kwenye maji. Baada ya muda mrefu alisimama mwenyewe, akapita mbele yangu bila kunitazama, akashika njia ya nyumbani. Pale barabarani alisimama ukingoni kabisa, magari yakaisha, akavuka. Ulimfundisha wewe, siyo? Mimi na mama wa kibandani na yule mwanamume tulimfuata nyuma, kama wanafunzi. Alifika mlangoni kwenu, akaingia, akavua viatu akaviweka sawasawa. Ndipo yule mwanamume akaniomba radhi. Nilimwambia hakuna kosa, ningekuwa mwizi kweli wazazi wa mtoto wangemshukuru.

Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Mwiba wa kujidunga hauna pole.

Kuhusu kizazi nimesikia. Sitalisema tena, na shangazi zake wakilisema nitawajibu mimi. Nilikuwa nakuhimiza uzae mwingine kana kwamba huyu ni nguo iliyokosewa mshono. Baki na hilo moja tu kutoka kwangu, mengine tutaongea ukipona.

Amka.

Mama yako


Wodi ya Wanawake
21 Machi

Mama,

Shikamoo. Niliamka. Kila kitu kilikwenda vizuri ila nyuzi zinauma nikicheka, na barua yako imenichekesha pale kwenye filimbi na kuniliza pale pengine, kwa hiyo nimeumia mara mbili.

Nilikasirika pia, sitakuficha. Komeo la juu, Mama. Nilikuandikia. Hasira imekaa siku mbili kisha imechoka.

Mimi nilishafikishwa kituoni. Alikuwa na miaka minne, nilimbeba analia njia nzima kutoka sokoni, wakasema nimemwiba. Niliomba askari wa kike aje nyumbani aone picha ukutani. Sikumwambia mtu yeyote, hata mwanao. Nilidhani lilinipata mimi peke yangu kwa sababu sijui kulea. Wewe umelea mabinti wa bweni zima na limekupata. Sijui kwa nini hilo limenipa nafuu, lakini limenipa.

Wataniruhusu Jumanne. Daktari amesema nisinyanyue kitu kizito wala nisivutane na mtu kwa muda wa miezi miwili. Nilimwambia nina binti anayejitupa chini akizidiwa. Akasema basi watu wengine wamsaidie. Aliandika dawa akaenda kitanda kingine. Nitaona namna nitakavyofanya.

Mkweo,
Mama Chiriku


Nyumbani kwenu
23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hilo "nitaona namna" limeniudhi. Nimo humu ndani, nina mikono miwili, mmoja una kovu lakini unafanya kazi. Kama unataka niondoke ukirudi, niambie niondoke. Kama unataka nikae, niambie nikae. Usinizungukie kama mgeni.

Dada zangu wawili walikuja juzi kuniona. Mkubwa akamtazama Chiriku anavyopanga vifungo vyako vya nguo sakafuni, akaanza, "Masikini, sasa huyu atakuja kuwa..." Nikamwambia anasikia. Akacheka, akaendelea. Nikamwambia atoke nje, akamalizie sentensi yake huko, kisha arudi tunywe chai. Alitoka kweli. Alikaa huko muda, akarudi, tukanywa chai. Hakuimalizia.

Sijawa mjuzi. Jana nilimwekea soksi zilizokuwa na mshono pembeni, tukapoteza asubuhi nzima. Leo mchana alitupa sahani na sijui sababu mpaka sasa. Kuna saa nakaa kwenye kiti chako cha cherehani najiuliza umewezaje miaka yote hii, na mimi kila nikija nikikuuliza mbona umekonda.

Bibi yake


Nyumbani
18 Juni

Mama,

Shikamoo. Jana Baba Chiriku alisema ulifika kwako salama na paa limevuja kama ulivyohofia. Ulisema unakwenda kufunga nyumba, kuangalia kama mpangaji anapatikana, na kufikiria. Sikutaka kukuharakisha. Mimi nimepona, nashona sare za shule tena, nanyanyua ndoo. Ulikaa na sisi zaidi ya ulivyoahidi na sina haki ya kudai siku nyingine. Hayo ndiyo niliyokuwa nimepanga kukuandikia.

Lakini lazima nikueleze ya leo. Unakumbuka siku niliyotoka hospitali? Chiriku alinipita mlangoni, akaenda kukagua magurudumu ya lori la baba yake. Ulinishika mkono ukasema, "Anajua umerudi." Nilisema ndiyo, najua anajua, nikaingia chooni nikalia.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye mashine. Alikuja, akanishika kiganja akanivuta. Nikadhani ni maji. Akanipeleka hadi kwenye chumba ulichokuwa unalala, akaubandika mkono wangu kwenye kitasa. Nikafungua. Alitazama kitanda, akatazama nyuma ya mlango. Akainama kutazama uvunguni. Halafu akarudi kwangu, akanishika mkono ule ule, akanirudisha nje, akafunga mlango, akaubandika tena mkono wangu kwenye kitasa, kana kwamba mara ya kwanza nilifungua vibaya na wewe ungekuwemo nikifungua vizuri.

Tulifungua na kufunga mpaka kazi ya wateja ikalala. Nilimwambia, "Bibi amekwenda kwake." Hakuniangalia. Alipanda kitandani kwako na viatu vyake, yeye ambaye huvipanga sawasawa mlangoni, akalala ameelekea ukutani. Yuko huko mpaka sasa ninapoandika.

Nitakwambia bila aibu kwamba niliona wivu. Nilikaa pembeni ya kitanda nikauona ukikaa ndani yangu, kisha ukaondoka.

Mpangaji mpe nyumba. Lori litarudi kwako Alhamisi kukuchukua.

Mwanao


Kwangu
20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya sanduku. Mpangaji ameingia leo asubuhi, ni mwalimu, mtu safi. Ameniuliza nahamia wapi, nikamwambia kwa mjukuu wangu. Akaniuliza ana umri gani na anasoma darasa la ngapi. Nikakaa chini nikamweleza, na alikuwa ana maswali, basi chai ikapoa.

Kitanda kisitandikwe upya. Mwache alivyolala.

Bibi yake Chiriku